Pikipiki ya Safari Ndefu Inapoanza Kusumbua Baada ya Kuongezewa Vifaa: Dalili, Vyanzo na Tiba

Pikipiki inapotoka kiwandani huwa imepimiwa kila kitu: umeme inaouzalisha, uzito inaoubeba, upepo unaoipita na nafasi ambayo usukani unahitaji ili ugeuke hadi mwisho. Kila kifaa unachokifunga nyumbani kwa mikono yako, kiwe taa, keria, kioo cha upepo au chaja ya simu, huchukua sehemu ya kimoja kati ya hivyo vinne, na dalili inayojitokeza baadaye karibu kila mara hukuonyesha ni kipi kilichozidiwa. Hapa Malindi kuna mshirika wa tano, nayo ni chumvi, inayoletwa na hewa ya bahari na, kwa wanaopita Gongoni na Marereni kuelekea Garsen, na vumbi la mashamba ya chumvi yenyewe. Kiungo cha waya ambacho mahali pakavu kingeweza kuvumilia uzembe wa fundi kwa miaka, hapa huota ukijani wa kutu ya shaba upesi sana.

Kabla ya kugusa spana, kumbuka ni kifaa gani kilifungwa mwisho, kisha ukichomoe na ujaribu tena. Ondoa kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kuponya pikipiki bila kujua alichokiponya, na tatizo likirudi atakuwa hana pa kuanzia. Kila waya unaouongeza uandike mahali: rangi yake, unakotoka na unakokwenda. Vifaa vinavyohitajika ni vichache, lakini multimita, yaani kipimo cha volti na ampea, ni ya lazima. Anayefunga taa za ziada bila multimita anafanya kazi gizani.

Betri inakufa

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na watu wengi hukimbilia kununua betri mpya ambayo nayo hufa vilevile. Uliza kwanza inakufa lini: usiku ikiwa imeegeshwa, au mchana ikiwa njiani? Hizo ni dalili mbili tofauti zenye vyanzo tofauti.

Anza kwa vipimo. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, upime tena kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Kwa pikipiki nyingi utapata kati ya volti 13.5 na 14.5. Sasa washa kila ulichokiongeza. Volti zikishuka chini ya 13, kisha zikapanda tena ukizima taa za ziada, mfumo wa kuchaji ni mzima ila umebebeshwa zaidi ya uwezo wake. Zisipopanda hata vifaa vyote vikiwa vimezimwa, tatizo liko kwenye koili za kuzalishia umeme, kwenye regyuleta inayodhibiti volti, au kwenye plagi inayoviunganisha, na plagi hiyo ndiyo ya kukaguliwa kwanza kwa sababu huungua na kuyeyuka ndani kwa ndani bila kuonekana. Zikipanda kupita 15, regyuleta imeharibika na inaichemsha betri. Usiendelee na safari hivyo, kwani balbu na kompyuta ya injini nazo zitafuata.

Kwa pikipiki iliyozidiwa, hesabu ni nyepesi: gawanya wati kwa volti upate ampea. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni wati 110, yaani takribani ampea 9. Taa mbili za LED za wati 20 ni wati 40, zaidi kidogo ya ampea 3, na mwanga wake hauwi haba. Pikipiki ndogo ya cc 150 haina wati 110 za kugawa baada ya kulisha plagi ya cheche ya injini, taa yake kubwa na betri. Pikipiki kubwa za safari zinazo, lakini hata hizo huzalisha umeme mdogo sana injini inaponguruma polepole. Ndiyo maana mtu hutoka Mombasa na betri nzima, akaingia Malindi jioni akijikokota nyuma ya tuktuk na taa zote zikiwaka, na akizima injini sokoni haiwaki tena. Tiba yake ni kubadilisha halojeni kuwa LED, au kuzima taa za ziada mjini. Betri kubwa zaidi haiongezi umeme unaozalishwa. Inaahirisha tatizo tu.

Ikiwa betri hufa usiku, kuna kifaa kinachonyonya huku ufunguo umetolewa. Ondoa waya hasi wa betri, weka multimita kwenye kipimo cha ampea, kisha iunganishe kati ya waya huo na kichwa hasi cha betri. Usiwashe ufunguo wakati huo, kwa sababu utaunguza fyuzi ya multimita. Miliampea chache ni za kawaida kwa saa na kompyuta ya pikipiki. Ukiona miliampea 50, hizo ni ampea-saa 1.2 kwa siku moja, na betri ya ampea-saa 8 haitamaliza wiki. Kwa kweli itashindwa kuwasha injini baada ya siku tatu au nne tu, kwa kuwa kuwasha injini kunahitaji betri yenye zaidi ya nusu. Chomoa vifaa kimoja kimoja mpaka namba ishuke. Mara nyingi mwenye kosa ni tundu la chaja ya simu lenye kioo kidogo cha kuonyesha volti, lililounganishwa moja kwa moja na betri.

Tiba ya kudumu ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, na ningependa kila anayefunga vifaa mwenyewe aizoee. Miguu yake imeandikwa namba: wa 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, wa 87 huupeleka kwenye kifaa, wa 86 huunganishwa na waya wowote unaopata umeme ufunguo unapowashwa, kama wa taa ya nyuma, na wa 85 huenda kwenye waya hasi. Waya wa taa ya nyuma haubebi mzigo wa vifaa vyako. Unaiamsha rilei tu, kwa sehemu ndogo ya ampea moja. Ukitoa ufunguo, kila kitu kinakufa pamoja.

Fyuzi inaungua

Fyuzi ikiungua papo hapo unapowasha swichi, waya chanya umegusa fremu mahali fulani. Ikiungua baada ya dakika kadhaa, mzigo ni mkubwa kuliko fyuzi. Ikiungua unapokata kona kali au unapopita kwenye mashimo ya njia ya Marafa, waya umechubuka mahali unapopinda, na mahali pa kwanza pa kutazama ni shingo ya usukani, ambapo waya uliofungwa kwa kukazwa mno huvutwa kila usukani unapogeuka.

Kuna njia ya kale ya kutafuta mguso huo bila kumaliza boksi zima la fyuzi. Chukua balbu ya breki ya wati 21, uiunganishe mahali pa fyuzi kwa nyaya mbili. Huku mguso ukiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zote, nawe utakuwa na nafasi ya kutikisa nyaya pole pole, kipande kwa kipande, ukigeuza usukani kushoto na kulia. Balbu inapofifia ghafla, mkono wako uko juu ya kosa.

Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi ili iache kuungua, wala usiizungushie karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi inalinda waya, na waya usiolindwa hushika moto chini ya tangi la petroli. Kwa mzigo wa ampea 3 au 4 weka fyuzi ya 5. Kwa mzigo wa 9 au 10 weka ya 15 na waya usiopungua milimita mraba 1.5. Fyuzi yenyewe ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina mlinzi.

Taa zinafifia au zinawaka kwa kuchagua

Hapa shuku waya hasi kabla ya kushuku taa. Huku taa ikiwaka, gusa kwa multimita kichwa hasi cha betri na waya hasi wa taa. Kipimo kikizidi volti 0.3 hivi, umeme unapotea njiani unaporudi, na sababu huwa ni boliti iliyofungwa juu ya rangi ya fremu au kiungo kilicholiwa na chumvi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga, kisha paka vaselini juu yake ili hewa isiingie.

Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya sivipendekezi kabisa kwa pwani. Ulimi wake hukata baadhi ya nyuzi za shaba na kuacha jeraha wazi, na hewa yetu hulimalizia kazi jeraha hilo. Afadhali kubana kiungo kwa koleo la kazi hiyo, kisha kukifunika kwa mpira wenye gundi ndani unaonywea ukipashwa moto. Tepu ya umeme peke yake hulegea kwa joto la hapa na kuacha utomvu unaonasa mchanga.

Ikiwa madereva wanaokuja mbele wanakumulika kila mara ilhali umeshusha mwanga, na umefunga taa kubwa iliyotumika iliyotoka Ulaya au Marekani, basi inawezekana taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia. Mwanga wake wa chini huinuka kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Taa ya namna hiyo hairekebishwi kwa kuiinamisha. Ibadilishe kwa iliyotengenezwa kwa nchi za upande wa kushoto kama Japani, India au Uingereza.

Indiketa zinapepesa haraka mno

Umeweka balbu za LED, na rilei ya zamani ya indiketa inapoona umeme mdogo hudhani kwamba balbu moja imeungua. Nunua rilei ya indiketa inayokubali LED. Vipinga vya kuongeza mzigo hufanya kazi pia, ila huwa vya moto kiasi cha kuyeyusha plastiki, na huondoa faida yote ya kuweka LED. Zikiwaka zote nne kwa pamoja, dashibodi yako ina taa moja ya kijani kwa pande zote mbili, na umeme unapita humo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Diodi mbili, yaani vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila upande, hukata njia hiyo.

Usukani unatikisika

Dalili hii ni ya hatari kuliko zote zilizotangulia, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu huja polepole. Mpanda pikipiki hufunga keria, kisha sanduku la nyuma, kisha sanduku linajaa hema, spana na galoni ya maji ya safari ya Mokowe, ambayo ni zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na siku moja anapolegeza mafuta kutoka kilomita 80 kwa saa kushuka hadi 60, usukani unaanza kupepesuka kushoto na kulia.

Sanduku la nyuma hukaa juu, na nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Uzito ulio hapo huinua gurudumu la mbele kama mtoto mzito anavyomwinua mwenzake kwenye pembea ya ubao. Gurudumu jepesi la mbele hushindwa kutuliza mtikisiko mdogo ambao daima upo. Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji spana: toa kila kitu kwenye sanduku la nyuma, pita barabara ileile kwa mwendo uleule, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani lakini bila kukaza. Mtikisiko ukiisha, umepata jibu. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 5 hivi kwa sanduku la nyuma na kilo 10 hivi kwa kila sanduku la pembeni, na vikomo hivyo si vya mapambo. Spana na maji vishuke chini, karibu na miguu ya mpanda pikipiki iwezekanavyo. Hema na nguo ndizo zipande juu.

Mtikisiko ukibaki hata sanduku likiwa tupu, mzigo uliufichua tu ugonjwa uliokuwepo. Pima upepo wa matairi yakiwa yamepoa na uulinganishe na kipimo cha kubeba mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, kwani kipimo hicho mara nyingi ni tofauti na cha kupanda peke yako. Halafu inua gurudumu la mbele, shika kwa chini miguu miwili ya foki inayobeba gurudumu hilo, uisukume na kuivuta. Ukisikia mgongano wa chuma, bearingi za shingo ya usukani zimelegea. Geuza usukani polepole: ukihisi unanasa katikati, bearingi zimeliwa na zinahitaji kubadilishwa, maana kuzikaza hakutazifufua.

Kisha springi ya nyuma. Inua gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia, uteremshe, panda ukiwa na mzigo wako wote, na mtu mwingine apime tena. Tofauti hiyo iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa springi. Kwa mwendo wa milimita 150, hiyo ni milimita 50 hivi. Ikizidi sana, kaza springi. Ikifika mwisho wa kukazwa na bado inazama, mzigo umeishinda, na kinachobaki ni kupunguza mzigo au kununua springi ngumu zaidi.

Wakati wa kusi kuna chanzo kingine kinachochanganywa na hiki. Kioo kikubwa cha upepo kilichofungwa kwenye usukani wenyewe, pamoja na vikinga mikono vipana, hupokea upepo wa ubavu na kuupeleka moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, na utauhisi hasa mahali pasipo na minazi wala nyumba, kama vile juu ya daraja la Sabaki. Kioo kilichofungwa kwenye fremu hakina tabia hiyo. Ikiwa pikipiki inayumba kwa upepo tu na kutulia upepo unapotulia, usihangaike na bearingi. Vua kioo kwanza.

Mtikisiko ukikukuta njiani, punguza mafuta taratibu, inamisha kifua mbele na shika usukani bila kukaza. Usikanyage breki kwa ghafla.

Kichwa kinapigwa na upepo

Baada ya kuweka kioo kirefu, wengi hushangaa kwamba kelele na mtikiso wa helmeti vimeongezeka. Ukingo wa kioo umepeleka upepo uliovurugika usawa wa macho. Kwenye barabara tupu, inuka kidogo juu ya vikanyagio: kichwa kikitulia juu ya mkondo huo, kioo kifupi zaidi kitakufaa, hata kama kinaonekana kukukinga kidogo. Kikitulia unapoinama, unahitaji kirefu zaidi au ncha ya kuongezea. Na usisahau upepo unaopanda kutoka chini ya kioo. Nafasi ya vidole viwili kati ya kioo na dashibodi mara nyingi huondoa mvuto unaouvuruga.

Injini inapaa unapogeuza usukani

Umeinua usukani kwa vipandisho na kebo hazikuongezwa urefu. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, injini ikinguruma bila gia, na geuza usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mizunguko isibadilike hata kidogo. Ikibadilika, kebo ya mafuta inavutwa, na siku moja itakuongezea mwendo ukiwa unazunguka raundabauti. Tazama pia bomba la breki la mbele: likinyooka kama uzi kwenye mwisho wa mgeuko, vipandisho ni virefu mno au bomba ni fupi mno, na pikipiki haifai kutoka uani hadi mojawapo ibadilishwe.

Keria inapasuka, boliti zinalegea au zinagoma

Boliti inayolegea ilifungwa bila kipimo au bila gundi. Kwa boliti za kawaida, ya M6 (kipenyo cha milimita 6) hukazwa takribani nyutoni-mita (Nm) 10 na ya M8 kati ya 20 na 25, isipokuwa kitabu cha pikipiki kiseme vingine. Gundi ya hesi ya rangi ya samawati hufunguka kwa spana; nyekundu hudai moto, kwa hiyo usiipake mahali utakapopafungua tena.

Boliti inayogoma kutoka ni kazi ya chumvi. Boliti ya chuma cha pua ndani ya alumini, yakiingia maji ya chumvi, huzalisha umeme mdogo unaoila alumini na kuigeuza unga mweupe unaokaba hesi. Paka grisi ya kuzuia kushikana kabla ya kufunga. Osha pikipiki kwa maji baridi yasiyo na shinikizo, na uonje maji kwanza, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuipaka upya.

Keria ikipasuka mahali palepale mara mbili, kuchomea tena hakutasaidia, kwa sababu mshono mgumu huhamisha ufa pembeni yake. Keria hiyo inaning'inia bila mhimili. Ongeza fito inayoshuka hadi kwenye fremu kuu.

Kamera ya simu inatetemesha picha

Mtetemo wa injini unapita kwenye kishikio hadi kwenye vifaa vidogo vya kutuliza lenzi. Mnamo Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha wateja wake kuhusu jambo hili. Tumia kishikio chenye mpira wa kufyonza mtetemo, au weka simu mfukoni na usikilize maelekezo ya njia kwa sauti.

Stendi inazama, au injini inazimika ukiingiza gia

Ukikaza springi ya nyuma, pikipiki huinuka na stendi ya pembeni huwa fupi, hivyo pikipiki hulala zaidi, na kwenye mchanga huzama. Bamba la alumini lililofungwa chini ya stendi hutatua yote mawili. Lakini ikiwa tangu ulifunge bamba hilo injini inazimika kila unapoingiza gia, bamba linagusa kitu na stendi haipandi hadi mwisho, na swichi yake inaamini kwamba bado iko chini. Kata ukingo wa bamba mahali unapogusa. Usiikate wala kuiunganisha swichi hiyo; ndiyo inayokuzuia kuondoka na stendi ikiwa nje na kuangushwa kwenye kona ya kwanza ya kushoto.